Tutajuaje kama cheti cha misitu kimesaidia kijito chetu?

*Uliza Bwana Miti: maswali ya wasomaji yanajibiwa na ofisa misitu mstaafu kutoka Mafinga*

Shikamoo Bwana Miti. Mimi ni katibu wa umoja wa wapanda miti katika kijiji kimoja huku Mufindi. Wanachama wetu wana misindano (paini) zaidi, na milingoti (mikaratusi) kiasi kwenye mabonde. Wamekuja wataalamu wanaotaka tuingie kwenye cheti cha pamoja cha FSC. Wanasema soko litafunguka na mazingira yatanufaika. Kwenye mkutano mama mmoja mwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, aliuliza, "Kijito kilichokauka kitarudi?" Akajibiwa kwamba cheti kinalinda vyanzo vya maji. Hakuridhika, na mimi niliyekuwa naandika muhtasari sikujua niandike nini. Tukishapata cheti, tutajuaje kama kimesaidia kweli?
*Katibu, Mufindi*

Marahaba, katibu. Kwenye muhtasari andika tu: "Swali halijajibiwa." Mama aliuliza habari za maji, akajibiwa habari za kanuni. Hayo ni mambo mawili, na wataalamu wetu wanapenda kuyafunga kamba moja kwa sababu la pili ni rahisi kumwonyesha mfadhili.

FSC ni baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoundwa mwaka 1993, na makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Baraza linaweka kanuni kuu 10, ya 6 ikiwa ya mazingira, kisha kampuni ya ukaguzi iliyoidhinishwa ndiyo inayofika shambani. Cheti hudumu miaka 5, na kila mwaka kuna ukaguzi wa kufuatilia. Kwa umoja kama wenu mkaguzi hapiti kila shamba. Huchagua machache ya mfano. Ataomba ramani. Atataka kuona ukanda wa mto umeachwa, makopo ya dawa hayajatupwa bondeni, wakata miti wana kofia ngumu na buti, njia za moto zimefyekwa. Kanuni za jumla zinadai pia angalau asilimia 10 ya eneo itengwe kwa uhifadhi. Yote ni mazuri, na baadhi yetu tuliyasemea miaka mingi wakati hakuna aliyekuwa akiyalipia. Lakini mkaguzi ni kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha na sare asubuhi: atakuambia nani msafi, hatakuambia nani atafaulu. Haji na ndoo ya kupimia kijito.

Sasa turudi kwa mama. Jibu lake lilipatikana zamani Afrika Kusini, mahali panapoitwa Mokobulaan, huko Mpumalanga. Watafiti walichukua vibonde vidogo vya majani, wakaweka vizingiti vya kupimia maji, wakapima kabla ya kupanda chochote. Kibonde kimoja kikapandwa milingoti aina ya grandis mwaka 1969, cha pili misindano aina ya patula mwaka 1971, na kingine kikaachwa na majani yake ili kiwe cha kulinganishia. Ni aina zilezile tulizojaza Mufindi. Kwenye milingoti kijito kilikauka kabisa mwaka wa 9 baada ya kupanda. Kwenye misindano kilikauka mwaka wa 12. Milingoti ikakatwa ikiwa na miaka 16, na bado maji hayakurudi msimu uliofuata. Kijito kilichukua miaka 5 kutiririka tena mwaka mzima. Mizizi ilikuwa imekwishanyonya akiba ya chini kabisa, na mvua ilibidi ijaze huko kwanza ndipo juu paone kitu.

Kwa hiyo mwambieni mama ukweli: cheti hakirudishi maji. Kinachorudisha ni kuondoa milingoti bondeni, na hata ikiondoka leo asitegemee Oktoba ijayo. Kama cheti kitawalazimisha muiondoe, hapo ndipo kitakuwa kimegusa kijito.

Lakini subirini. Kuiondoa kunadaiwa pia na sheria ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. (Mama wa vinyungu naye asicheke sana; mita 60 hizo zinamgusa na yeye.) Hapa ndipo wapimaji wengi huteleza. Tuseme mwaka kesho mmepata cheti, na mwaka huohuo halmashauri imeamua kusimamia sheria, ikawaamuru wapanda miti wote wa kata, wenye cheti na wasio nacho, wang'oe milingoti ya mabondeni. Maji yakirudi, nani kayarudisha? Ukiangalia kijito chenu peke yake utakipa cheti sifa isiyo yake.

Mvua nayo ina ujanja wake. Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa El Niño na nchi nzima ilinyeshewa hadi barabara zikakatika. Umoja uliopata cheti mwanzoni mwa 2024 na kwenda kuangalia kijito mwisho wa kiangazi ungeapa kwamba cheti kimeleta maji.

Dawa ya yote mawili ni moja: pimeni vijito viwili, na anzeni kabla ya cheti. Cha kwanza kiwe kinachopita kwenye mashamba ya wanachama. Cha pili kiwe cha jirani, mlima uleule, ukubwa unaokaribiana, kwenye mashamba ya watu wanaopanda miti kama ninyi lakini hawamo kwenye cheti. Sisitizeni hilo la mwisho. Nimeona taarifa zenye picha za rangi zikilinganisha bonde la misindano yenye cheti na bonde la msitu wa asili. Hapo umepima tofauti ya msindano na msitu. Cheti hujakipima. Unachotafuta ni tofauti kati ya mpanda miti mwenye cheti na mwenzake ambaye, kama si cheti, ungekuwa kama yeye.

Vifaa mnavyo. Tafuteni sehemu nyembamba ya kijito, zibeni kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, pitisheni bomba la plastiki maji yote yapite humo, kingeni ndoo ya lita 20 huku kijana ana simu yenye saa. Pimeni mara tatu, chukueni wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, kijito kinatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Fanyeni hivyo mara moja kwa wiki Septemba na Oktoba, mapema asubuhi, kabla watu hawajafungulia maji ya vinyungu. La sivyo mtakuwa mnapima vinyungu. Kila siku ya mvua mtu mmoja anayeaminika aandike milimita kutoka kwenye kopo lenye pande zilizonyooka, lililowekwa wazi mbali na miti na paa. Vyote viingie kwenye kaunta buku moja, kwa peni, na anayekosea akate mstari mmoja, asifute.

Maji ni mengi au machache, hiyo ni habari moja. Tope ni habari nyingine, na kwangu mimi ndiyo yenye matumaini zaidi. Msindano uliosimama hautoi tope kubwa. Tope huja wakati wa kuvuna: njia za kukokotea magogo zinazoshuka moja kwa moja mtoni, barabara isiyo na mitaro ya kuchepusha maji, kivuko ambacho Fuso zinapita tu kwenye kijito, dingdong (mashine ya kupasulia mbao) iliyowekwa kando ya maji na maranda yake yakasombwa na mvua ya kwanza. Haya yote kanuni za cheti zinayagusa na mkaguzi anayaona kwa macho. Kwa hiyo kama cheti kina kazi, hapa itaonekana ndani ya msimu mmoja au miwili, wakati habari ya maji inaweza kuchukua miaka kumi. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, jazeni chupa safi za lita moja na nusu, moja juu ya kivuko na moja chini yake, muda uleule. Ziachieni zitulie hadi kesho yake, kisha pimeni tope lililokaa chini kwa rula ya mwanafunzi. Fanyeni vivyo hivyo kwenye kijito cha majirani. Chupa ziwe za aina moja, maana chupa yenye kitako cha mbonyeo itawadanganya.

Kama shule ya kijiji ina mwalimu wa sayansi mwenye moyo, ongezeni wadudu. Chini ya mawe ya kijito kisafi kuna vidudu vyembamba, vingine vina mikia mitatu, vingine miwili, ambavyo havivumilii uchafu. Kijito kikichafuka hubaki minyoo na mabuu ya mbu na jamaa zao. Tanzania ina mfumo wake wa kupima afya ya mto kwa wadudu hao, unaitwa TARISS. Watoto wataupenda, na hakuna mkubwa atakayeweza kupika matokeo wakati watoto thelathini wameona kilichomo kwenye beseni.

Mkiweza kupata viangazi viwili kabla ya cheti, vizuri sana. Najua mfadhili hataki kusubiri viwili. Basi hata kimoja, na kianze mwaka huu. Msichopima kabla ya cheti hamtaweza kukipima tena baadaye kwa bei yoyote.

---

Bwana Miti, nafanya kazi na shirika moja hapa Mbeya. Nimepewa jukumu la kuandika taarifa ya kuonyesha kwamba cheti cha misitu kinaongeza maji na wanyamapori. Utafiti upo? Nisaidie vielelezo.
*Mhitimu wa SUA, Mbeya*

Mwanangu, wamekupa hitimisho, sasa wanataka ulitafutie ushahidi. Ushahidi upo, ila hautakubali kukaa wote upande mmoja.

Kuhusu maji, toka nje ya ofisi uinue macho. Kwenye safu ya milima ya Mbeya, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 na kuendelea miaka ya 1960, watafiti wa Afrika Mashariki walipima vibonde viwili: kimoja chini ya msitu wa asili wa kijani, kingine chini ya mashamba ya wakulima wadogo kwenye mteremko mkali. Kila mtu angeapa kwamba cha msitu kitatoa maji mengi. Kilichotoa mengi ni cha mashamba, na hata kiangazi kiliendelea kutoa zaidi. Miti inakunywa. Usikimbilie kufyeka kwa sababu hiyo, maana udongo wa hapo ni wa majivu ya volkano, unafyonza mvua kama hakuna jambo. Kwenye udongo mgumu unaopasuka, mashamba yaleyale yangepeleka mvua mtoni kwa mafuriko ya siku mbili na kuacha ukame. Ninachokuambia ni kwamba sentensi "cheti kinaongeza maji" huwezi kuiandika ukiwa Mbeya na kulala usingizi. Andika kuhusu tope na ukanda wa mto, hapo una pa kusimama.

Kwa wanyama una habari nzuri zaidi. Mwaka 2024 jarida la *Nature* lilichapisha kazi iliyofanyika Gabon na Kongo-Brazzaville: maeneo 14 ya uvunaji magogo, 7 yenye cheti cha FSC na 7 yasiyo nacho, kamera zikategwa sehemu 474, picha zikafika milioni 1.3. Wanyama wanyonyeshao walionekana mara 1.5 zaidi kwenye yenye cheti, na wale wakubwa wa zaidi ya kilo 100, tembo na wenzake, mara 2.7. Sababu haiko kwenye karatasi. Kampuni zenye cheti zilifunga barabara za zamani baada ya kuvuna na kudhibiti uwindaji, na wawindaji hufuata barabara. Ukitaka kuitumia Mufindi, jiulize kwanza kama kuna tembo kwenye misindano. Matokeo ya msitu wa asili unaovunwa kwa kuchagua miti hayahamishwi kwenda shamba la kupandwa.

Nyumbani tuna Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya huko, vikisaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo, vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Severin Kalonga na wenzake wakalinganisha, wakachapisha mwaka 2016: misitu ya vijiji yenye cheti ilikuwa na aina nyingi zaidi za miti, na miti mingi zaidi kwa eneo, kuliko misitu isiyo na mwenyewe na hata hifadhi za serikali zisizo na cheti. Ni kazi ya maana. Lakini msomaji mkali atakuuliza: vijiji vilivyopata cheti si ndivyo vilivyokuwa na misitu mizuri na uongozi mzuri tangu mwanzo? Swali hilo hulijibu kwa kupima mara moja. Unahitaji hali ya kabla.

Wenzetu waliokuwa na hali ya kabla, Mexico, walitumia picha za satelaiti na kulinganisha maeneo yanayofanana. Matokeo yao ya 2018: hawakuona kwamba cheti kilipunguza ukataji wa misitu kwa kiwango kinachoonekana. Indonesia, huko Kalimantan, utafiti wa 2015 wenye mbinu zinazokaribiana uliona ukataji na uchafuzi wa hewa vimepungua, ila ukaona pia kwamba matobo ndani ya msitu yameongezeka. Weka yote kwenye taarifa yako, hata yanayomkera bosi. Akikata ya Mexico na ya Indonesia, taarifa ibaki na jina lake, lako liondolewe.

---

Bwana Miti, ukoo wetu una eneo kubwa la majani Makete, halilimwi, ng'ombe wachache tu wanapita. Tukipanda misindano na kupata cheti, si tutakuwa tumeboresha mazingira kutoka sifuri?
*Msomaji, Makete*

Sifuri? Makete? Ndugu yangu, upo jirani na Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo watu wanaiita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wamehesabu humo zaidi ya aina 350, zikiwemo okidi 45, na kuna wanaochimba mizizi ya okidi za nyanda hizo kuivusha kwenda Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Majani ya juu huku siyo pori lililoshindwa kuwa msitu. Ukiyafunika kwa kivuli cha msindano miaka 15, maua hayo hayatakusubiri chini ya sindano zako.

Kabla hujanunua mche, nenda Februari, majani yakiwa yamechanua, na kamba ya mita 4 ufunge pembe nne upate mraba wa mita moja. Tupa jiwe bila kuchagua, weka mraba lilipoangukia, hesabu aina za mimea, piga picha. Rudia sehemu nyingi, juu na bondeni. Mchukue na bibi anayejua majina ya dawa, maana atatofautisha mimea ambayo mimi na wewe tungeiita "majani" tu.

Kuna na sababu ya mfukoni. Kanuni ya zamani ya FSC iliangalia misitu ya asili iliyofyekwa baada ya Novemba 1994. Sera mpya, inayotumika tangu Julai 2023, imeongeza maeneo yenye thamani kubwa ya uhifadhi, na mpaka wake ni 31 Desemba 2020. Majani yenu yakihesabika kuwa ya namna hiyo na mkayapanda leo, hicho cheti mnachokipigia hesabu ndicho mtakachonyimwa. Sehemu iliyokuwa imelimwa zamani na kuachwa ni habari nyingine. Hapo pandeni, mbali na kijito.

---

Habari Bwana Miti. Kampuni kubwa zinazotuzunguka huku Njombe zinajisifu kwa cheti. Mwananchi wa kawaida anaweza kuona mkaguzi aliandika nini?
*Dereva wa lori, Njombe*

Unaweza. Kila ukaguzi wa FSC una muhtasari wa wazi unaowekwa mtandaoni. Tafuta kwa namba ya cheti, ambayo kampuni yenye kujisifu haiwezi kukunyima. Uko kwa Kiingereza, kwa hiyo mtafute kijana wa sekondari. Ruka kurasa za mwanzo za sifa, nenda kwenye orodha ya makosa. Kosa kubwa hurekebishwa ndani ya miezi 3, dogo hupewa hadi mwaka. Fungua taarifa za miaka mitatu mfululizo, uone kama kosa la kivuko au la dawa linarudi na maneno mapya. Likirudi, mwandikie mkaguzi mwenyewe, anwani yake imo humohumo, ukimtajia kivuko na tarehe uliyopita na lori lako. Malalamiko ya maandishi anatakiwa kuyapokea na kuyajibu. Ya kijiweni hayamfikii.